Mgeni wa Baiskeli na Mlango wa Mwenyeji

 

Juzi nilikuwa nyumbani namsaidia mdogo wangu kupanga vyombo. Harusi yake ni Mfungo Tatu, inshaAllah. Nyumba watakayohamia iko mjini, ina vyumba viwili tu, na mjadala mkubwa ulikuwa hicho chumba cha pili. Mama anasema ni cha wageni. Mdogo wangu anataka kuweka makabati ya nguo na meza ya kujipambia. Mume mtarajiwa naye keshatoa rai yake: wageni siku hizi wanalala gesti. Wakati huo huo sakafuni pamejaa maboksi yameandikwa kwa kalamu nyekundu: sahani za wageni, vikombe vya wageni, mashuka ya wageni. Nikawauliza, "Hao wageni watalia sahani hizi wakiwa gesti?" Tukacheka, lakini hakuna aliyenijibu.

Nikamkumbuka marehemu bibi yangu na wageni wake wawili. Nilikuwa na miaka kama tisa, tuko shamba, upande wa kusini wa Unguja, msimu wa masika. Mvua inanyesha kama ndoo imepinduliwa. Chini ya mwembe wa jirani wamesimama Wazungu wawili, mtu na mkewe, kila mmoja na baiskeli iliyofungwa mizigo huku na huku, na mpira mmoja umetoboka. Bibi hakujua neno moja la Kizungu. Alitoka na mwavuli wake uliovunjika mbavu, akapiga kelele, "Karibuni ndani, mtarowa!" Kisha akachemsha maji ya kuoga, akampa yule mwanamke kanga mbili kavu, tukala muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Usiku mume alilala ukumbini na babu, mke akalala ndani na bibi na sisi watoto. Asubuhi walipotoa pesa, bibi aliweka mikono nyuma ya mgongo kama mtoto anayeficha kitu. Hakuipokea.

Kwa miaka mingi nilijiuliza: ni watu gani hawa wanaoacha nyumba zao, wakapanda baiskeli kwenda mwisho wa dunia bila kujua usiku watalala wapi? Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kusoma historia yao. Nilichokikuta ndani yake ndicho ninachotaka kukusimulieni leo, kwa sababu kinahusu wanawake kuliko nilivyodhani, na kinahusu nyumba kuliko kinavyohusu barabara.

Baiskeli ilipoanza kwenda mbali

Baiskeli tunayoijua sisi, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885 Uingereza, pale John Kemp Starley alipotengeneza ile iliyoitwa Rover. Mwaka 1888 Dunlop akaleta mpira wa kujaza upepo. Kabla ya hapo zilikuwepo zile zenye gurudumu la mbele kubwa kupita kimo cha mtoto na la nyuma dogo kama sinia. Juu ya moja ya hizo, Thomas Stevens aliondoka San Francisco mwaka 1884 na kufika Yokohama, Japani, mwishoni mwa 1886. Ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli. Njiani alipitisha majira ya baridi mjini Tehran, na Shah wa Iran mwenyewe alitaka kumwona akiendesha. Miaka michache baadaye, mwaka 1889, gazeti moja la New York lilimtuma Afrika Mashariki kumtafuta Stanley, akafika hadi Zanzibar.

Wanawake hawakukaa nyuma sana. Mwaka 1894 Annie Kopchovsky, mama kijana wa watoto watatu, aliondoka Boston kusema naye ataizunguka dunia. Alianza safari na gauni refu na baiskeli ya kilo 19 hivi. Alipofika Chicago alikuwa ameshaona kwamba vyote viwili vitamuua, akabadilisha. Kampuni ya maji ya chemchemi ya Londonderry ilimlipa dola 100 atangaze jina lao, na toka hapo dunia ikamjua kwa jina la Annie Londonderry. Alipita Alexandria, Jerusalem na Aden, bandari ambayo wazee wetu wa majahazi waliijua kama kiganja cha mkono. Watu walimsema kwamba sehemu kubwa ya safari alikuwa ndani ya meli na baiskeli ndiyo abiria wake, na hawakukosea sana. Lakini alirudi salama mwaka 1895, na mlango ukawa umefunguka.

Aliyenigusa mimi zaidi lakini si Annie. Ni mwanamke mmoja wa Ireland aliyekaa nyumbani miaka mingi kabla hajaondoka.

Binti aliyemuuguza mama yake

Dervla Murphy alizaliwa tarehe 28 Novemba 1931 katika mji mdogo wa Lismore, kusini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mkutubi wa wilaya. Mama yake alishikwa na ugonjwa wa baridi yabisi mapema sana, viungo vikakakamaa, akawa mtu wa kubebwa. Dervla alikuwa mtoto wao wa pekee.

Alipotimiza miaka kumi alipewa zawadi mbili, zote za mtumba: baiskeli na kitabu cha ramani za dunia. Siku chache baadaye alikuwa anapanda kilima karibu na kwao, akaitazama miguu yake inavyozunguka kwenye pedeli. Akajiambia kwamba miguu hii ikiendelea kuzunguka hivi hivi bila kuchoka, itanifikisha India. Wazo la mtoto. Hakumwambia mtu, na hakulisahau.

Alipofika miaka 14 alitolewa shule ili amhudumie mama. Shoga yangu unayesoma hapa huku umeweka simu kando ya kitanda cha mgonjwa wako, nadhani unajua maana ya sentensi hiyo. Kumgeuza, kumlisha, kumwosha, kuamka usiku mara tatu mara nne. Alifanya kazi hiyo miaka 16. Mara chache alipata nafasi ya kutoka wiki kadhaa, na mama yake mwenyewe ndiye aliyemsukuma aende: mwaka 1951 alizunguka Wales na kusini mwa Uingereza kwa baiskeli, na miaka iliyofuata akafika Ujerumani, Ufaransa na Hispania. Kisha anarudi kitandani kwa mama.

Alipoandika maisha yake baadaye hakujifanya malaika. Alikiri kwamba alichoka, kwamba kulikuwa na siku za uchungu, na kwamba alijiona ujana wake unayeyuka. Mimi nashukuru kwamba alisema. Dini yetu imetufundisha daraja ya mama na fadhila ya kumhudumia, na aliyepewa nafasi hiyo amepewa jambo kubwa. Lakini hakuna aliyesema kwamba ni kazi nyepesi, na anayeuguza huku analia chooni hajapungukiwa imani.

Baba yake alifariki mwaka 1961, mama mwaka 1962. Dervla alikuwa na miaka 30, hajaolewa, hana cheti cha shule, hana kazi. Kwa hesabu ya majirani, huyo keshapitwa. Yeye akaitoa ile ramani.

Njia ya kwenda India

Aliondoka tarehe 14 Januari 1963, akaanza kuendesha kutoka Dunkirk, Ufaransa. Bahati yake, mwaka huo Ulaya ilipata baridi ambayo wazee wa huko waliisimulia maisha yao yote. Baiskeli yake ilikuwa ya kiume, aina ya Armstrong Cadet, akaipa jina la Roz. Aliitoa gia makusudi kwa kuhofia kwamba barabara za Asia zitaivunja na hatapata fundi. Mipira ya akiba aliitanguliza kwa posta katika miji ya njiani. Na mfukoni aliweka bastola ndogo.

Njia yake ilipita Ufaransa, Italia, Yugoslavia, Bulgaria, Uturuki, Iran, Afghanistan na Pakistan mpaka Delhi, alikofika mwezi wa Julai mwaka huo huo. Kitabu alichoandika kutokana na safari hiyo, Full Tilt, kilitoka mwaka 1965 na hadi leo kinasomwa.

Nisiwapambie mambo. Bastola ile aliitumia. Katika theluji ya Yugoslavia aliwapiga risasi mbwa mwitu waliomrukia. Karibu na mpaka wa Uturuki na Iran mwanamume aliingia usiku chumba alicholala, akapiga risasi juu darini na mtu akakimbia. Iran alikutana na wezi waliotaka kuichukua Roz, na akakutana na mtu aliyevaa sare ya polisi aliyetaka kumvunjia heshima, akajiokoa kwa nguvu na akili. Afghanistan, ndani ya basi, abiria waligombana na kitako cha bunduki kikamvunja mbavu tatu, ingawa hakikukusudiwa yeye.

Nayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, kuna dada zetu wanaona picha za wasafiri mtandaoni na kudhani dunia nzima ni machweo ya jua na kikombe cha kahawa. Pili, suala la mwanamke kusafiri bila maharimu wanavyuoni wetu wamelizungumza kwa kirefu, na anayetaka hukumu yake amuulize sheikh wake, asimuulize mwanamke wa Ireland ambaye hakuwa Muislamu wala hakudai kuwa kiigizo chetu. Mie simleti Dervla hapa kama fatwa. Namleta kama shahidi.

Shahidi wa nyumba zetu

Shahidi wa nini? Tazameni hesabu yake. Safari nzima ya miezi sita ilimgharimu pauni 64 na senti zake. Huwezi kuvuka nchi zote hizo kwa pesa hiyo kama unalala hotelini. Maana yake ni kwamba usiku baada ya usiku alilala kwa watu, na watu hao, kuanzia Uturuki mpaka Pakistan, kwa sehemu kubwa walikuwa Waislamu. Wakulima, askari wa vituo vya barabarani, wenye migahawa ya chai, maofisa na familia zao.

Aliyofanyiwa na wale wachache waovu aliyaandika kwa mistari michache. Aliyofanyiwa na wengine aliyaandika kurasa kwa kurasa. Afghanistan, nchi aliyovunjikiwa mbavu, ndiyo aliyoipenda kupita zote. Alipewa chai na mkate na watu ambao wenyewe hawakuwa na kingine, na wengi walikataa malipo. Kwa Wapashtuni hilo ni sheria ya ukoo, wanaiita melmastia: mgeni hupewa chakula na mahali pa kulala bila kuulizwa atalipa nini, na maadamu yuko chini ya dari yako, usalama wake uko shingoni mwako. Akilala, hulala juu ya kitanda cha miti kilichosukwa kwa kamba. Nilipoliona hilo nilitabasamu. Kitanda cha kamba si kile kile kilichokuwa ukumbini kwa bibi?

Kulikuwa na siku za majaribu kweli kweli. Kaskazini mwa Pakistan alipita bonde la mto Indus katika joto ambalo karibu limshinde, kisha akapanda njia ya Babusar, zaidi ya mita 4,000 juu, kwenye theluji, akiibeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye. Mtu aliye katika hali hiyo hafiki India kwa ushujaa wake tu. Anafika kwa sababu kuna mtu chini ya mlima aliyempa maziwa, na kuna mwingine upande wa pili aliyemfungulia mlango.

Sasa fikirini kitu kimoja. Msafiri mwanamume kwenye nyumba zetu huishia barazani. Anakirimiwa, anazungumza na mwenye nyumba, anaondoka akidhani ameijua nyumba. Msafiri mwanamke hupita baraza, akasogezwa pazia, akaingia ndani, jikoni, kwa watoto, kwa bibi mzee aliye kitandani. Anaiona nyumba inavyoendeshwa na anayeiendesha. Kwa hiyo vitabu vya wanawake wasafiri vimeandika habari ambazo wanaume waliozunguka dunia mara tatu hawakuzijua.

Aliyepika ni nani?

Hapa ndipo nilipopata lile lililonifanya niandike makala haya.

Pwani yetu nayo iliwahi kupokea msafiri mkubwa. Ibn Battuta alifika huku mwaka 1331. Alisimulia kwamba merikebu ikitia nanga Mogadishu, vijana wa mjini huja kwa mashua, kila mmoja ameshika sinia la chakula lililofunikwa, akampa mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Mgeni hashuki ila kwenda nyumbani kwa mwenyeji wake. Akataja na alicholishwa: wali uliotiwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa mgando, achari ya ndimu, tangawizi mbichi, maembe. Wanawake wa kisiwa mnaosoma hapa, hamhitaji tafsiri ya karamu hiyo. Akapita Mombasa, akafika Kilwa, akamsifu sultani wake, Hasan bin Suleiman, kwa ukarimu uliompa jina la baba wa vipawa. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, na sultani akamvulia.

Jina la sultani tunalo. Jina la msafiri tunalo. Aliyezipika ndizi zile kwa maziwa mpaka zikamkaa msafiri moyoni, akazitaja alipokuwa mzee kwao Morocco, jina lake hatunalo. Aliyekaa usiku akilinda moto, aliyetoa samli ya mwisho kwenye chupa, aliyelala na watoto wake chini ili mgeni apate kitanda, hayumo kitabuni.

Na nyinyi mnakijua kisa cha mke wa Ansari. Mgeni alifika kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na nyumbani kwake hakukuwa na chochote. Mtu mmoja katika Ansari akamchukua kwake, akakuta chakula ni cha watoto peke yake. Mke yule akawalaza watoto, akaandaa kile kidogo, akajifanya anatengeneza taa kumbe anaizima, na gizani mtu na mkewe wakajifanya wanakula ili mgeni asione haya. Asubuhi wakaambiwa kwamba Allah ameridhia walilolifanya, na ikateremka aya kuhusu wanaowatanguliza wengine ingawa wenyewe ni wahitaji. Taa ile aliizima mwanamke. Riwaya iliyo mashuhuri haikumtaja jina. Lakini aliyetakiwa kumjua alimjua.

Tangu nisome hayo, huwa nasoma vitabu vya safari kwa namna nyingine. Kila nikikuta mahali pameandikwa kwamba tulikaribishwa vizuri, nasimama, namtafuta mwanamke wa nyumba ile.

Aliporudi kwa njia yetu

Dervla alirudi barabarani mara nyingi. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alipanda baiskeli Kenya, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia mpaka Zimbabwe. Mwenyewe alikusudia iwe safari ya kupumzisha moyo. Lakini kila alipokaa na watu, kwenye mgahawa, kwenye nyumba ya kulala wageni, chini ya mti, mazungumzo yalirudi kwenye neno moja, na neno hilo la Kiswahili likaingia kwenye jina la kitabu chake kilichotoka mwaka 1993: The Ukimwi Road.

Walio na umri wangu wanaikumbuka miaka ile. Tanzania wagonjwa wa kwanza walikuwa wameripotiwa Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1992 dawa za kuokoa maisha zilikuwa bado. Nyumba zilizokuwa zikipokea wageni zilikuwa zinapoteza wenyewe. Pande zile za Kagera na Uganda bibi wazee walibaki na wajukuu watano, sita, na hata hivyo mgeni akipita na baiskeli yake iliyojaa vumbi, anawekewa kigoda. Mwanamke aliyetumia ujana wake kitandani kwa mgonjwa alijua anachokiona. Hakuhitaji kuelezwa maana ya kuuguza.

Aliendelea kusafiri na kuandika hadi uzeeni. Alifariki kwao Lismore tarehe 22 Mei 2022, akiwa na miaka 90, katika mji ule ule aliozaliwa.

Na sisi, maharusi?

Siku hizi waendesha baiskeli wa masafa marefu wana mtandao wao wa kupokeana, ulianza mwaka 1993, unaitwa Warmshowers. Jina lake lina maana ya maji ya moto ya kuoga. Mtu anajiandikisha kwamba mie nipo mji fulani, msafiri akipita nitampa pa kulala na maji ya kuoga, bila malipo. Nilipolisoma jina hilo nilimwona bibi yangu na sufuria lake la maji juu ya mafiga. Kwao imebidi lianzishwe na kuandikwa. Kwetu ilikuwa kitu cha kwanza baada ya hodi: mgeni apewe maji akaoge, ndipo aulizwe habari za atokako.

Sisemi kila biharusi afungue mlango kwa kila apitaye. Ukarimu wetu una adabu zake, na adabu hizo ndizo zilizoufanya udumu. Mke hamwingizi mtu nyumbani ila kwa ridhaa ya mumewe, kwa hiyo lizungumzeni mapema, kabla ya harusi, msingoje mgeni awe mlangoni. Mgeni mwanamume hapokelewi na mwanamke aliye peke yake. Apelekwe kwa kaka, kwa mjomba, au jirani mwenye familia. Bibi aliwagawa wageni wake, mume ukumbini na mke ndani, na hakuna aliyeona vibaya. Na mgeni naye ana mipaka: tumefundishwa kwamba haki yake ni siku tatu, zinazozidi ni sadaka, na si halali kukaa mpaka akamtia mwenyeji dhiki. Wahenga wakaongeza lao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Wala ukarimu si sahani. Hili nalisema kwa maharusi hasa, kwa sababu tunadanganyana sana. Tunasema nitakaribisha watu nikishanunua sofa, nikishapaka rangi, nikishapata seti kamili. Bibi hakuwa na seti. Yule mwanamke wa baiskeli alikunywa chai kwenye kikombe kisicho mkono. Miaka ikapita, ikaja kadi kwa posta kutoka kwao, na picha ya watoto wao. Bibi aliibandika ukutani karibu na kalenda ya msikiti, na kila aliyeingia alionyeshwa: hawa ni wageni wangu.

Mgeni huja na yake pia. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walijua. Watoto tuliolala na yule mwanamke usiku ule, mmoja leo ni mwalimu wa jiografia, na anasema siku ile ndiyo aliyouliza kwa mara ya kwanza, "Huko mtokako ni wapi?" Mwingine ni mie, ninayekuandikieni.

Jioni ile tulipomaliza kupanga maboksi nilimsimulia mdogo wangu haya yote. Alisikiliza huku anakunja mashuka. Kisha akasema, "Basi kitanda kimoja. Kabati tutalisogeza kwenye ukuta." Mama akaenda chumbani kwake, akarudi na sahani sita za maua mekundu, alizoolewa nazo mwenyewe, baadhi bado zimo kwenye karatasi yake ya dukani. Akasema, "Chukua. Lakini uniahidi zitavunjika."

Tumekubaliana mwenye kufungua boksi la sahani za wageni ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya fungate atapewa zawadi na mie. Nanyi mnaosoma, kama marehemu bibi yako au mama yako alikuwa na mgeni anayesimuliwa mpaka leo, ulizeni nyumbani kabla wazee hawajaondoka. Ulizeni mgeni alikuwa nani, alilishwa nini, na alipika nani. Jina la aliyepika liandikeni.

Allah awarehemu bibi zetu waliotutangulia, awape nyumba bora kuliko zile walizowakaribishia wengine, na azijaalie nyumba za maharusi wetu ziwe za heri, sitara na milango isiyoogopa hodi. Amin.